Mama Mkubwa, yale mawe yameyeyuka

Asalaam alaykum, Mama Mkubwa wangu uliye Lubumbashi,

Najua hutapenda kuona mambo ya nyumbani kwetu yameandikwa mahali ambapo kila mtu anasoma. Nisamehe. Nimejaribu simu. Kila nikipiga unaniambia, "Eh, Kimya! Leo utasema kitu?" halafu unacheka, halafu unaomba nikupe Mama, na mimi nampa. Jina hilo la Kimya ulinipa wewe, na hapa mtaani Majengo limenishika mpaka mwalimu wa hesabu analitumia. Basi, Kimya ameamua kuandika. Naandika Kiswahili kwa sababu shuleni nina Kinyarwanda na Kiingereza tu, na kwa lugha hizo mbili hasira yangu inatoka ikiwa imepigwa pasi. Kwa Kiswahili inatoka na mikunjo yake.

Mawe yameyeyuka. Nianze hapo.

Unayakumbuka vizuri, maana ni wewe uliyeyatoa. Ulikuja kutuaga kabla ya kumfuata mume wako huko Lubumbashi, ukaona Mama amechoka, ukasema ini lake limejaa uchafu. Ukamshindisha njaa kutwa nzima. Ukamnywesha maji ya chumvi ile chungu ya dukani, kisha mafuta ya zeituni uliyoyatoa Goma, umeyatikisa na maji ya ndimu kwenye chupa ya soda. "Kunywa yote, usipumue. Bon. Sasa lala upande wa kuume, usiongee." Mama, ambaye hawezi kunyamaza hata akishona, alinyamaza. Asubuhi ukaniita, "We mutoto, leta chujio."

Nilileta chujio la chai, Mama Mkubwa. Tulikuwa na moja tu. Mpaka leo chai ya nyumbani inanishinda.

Yakatoka yale madude ya kijani, laini kama njegere zilizochemka. Ukayaosha kwa furaha, ukayatia kwenye chupa ya jamu. "Angalieni! Ini yake ilikuwa iko nabeba mawe kama lori, na bado munauliza sababu gani anachoka!" Mama akaiweka chupa dirishani kwenye chumba cha kushonea, karibu na nyuzi. Tangu hapo mteja akija kupimwa gauni, anaonyeshwa mawe kabla ya kitambaa.

Sisemi ulifanya kwa ubaya. Nakumbuka ulivyokuwa ukitupeleka kwenye chemchemi ya maji ya moto kule kando ya ziwa, mimi mdogo, nimeshika kanga yako kwa sababu naogopa watu. Ulikaa kwenye jiwe, ukaweka miguu ya Mama mapajani mwako ukaikanda, na yeye akafumba macho kama mtoto. Ukaniambia, "Mwili iko na akili yake. Iko najisafisha yenyewe. We kazi yako ni kuisaidia tu." Niliyashika maneno hayo. Miaka imepita, nikayakuta kwenye somo la biolojia, karibu vilevile: ini linachuja damu lenyewe, usiku na mchana, halihitaji mtu kulikoroga. Nilitaka kunyoosha mkono niseme, Mama Mkubwa wangu alinifundisha hili. Sikunyoosha, unanijua. Lakini nilikuonea fahari.

Sasa kama ulijua, chupa ya mafuta ya nini?

Na kubishana na wewe hakuwezekani! Uliponinywesha majani machungu ya mubirizi yaliyopondwa nikatapika juu ya viatu vyako, ulipiga makofi: "Ona, uchafu iko natoka!" Siku nyingine nikanywa nisitapike, ukasema uchafu wangu ni mkaidi. Nikitapika una haki, nisipotapika una haki. Mimi nafanya nini na mtu wa namna hiyo?

Lakini mubirizi nimekusamehe. Kinachonikosesha usingizi ni vile vidonge.

Unajua Mama ana hepatiti B, virusi vya ini. Unajua kituo cha afya kilimpa kidonge cha kila siku, na alikuwa akimeza bila shida. Ramadhani ilipofika akakihamishia jioni, baada ya tende, kabla ya uji. Vizuri kabisa. Halafu ikaja Idi, na asubuhi ya Idi ikaingia sauti yako kwenye simu, Mama akaipandisha sisi wote tusikie huku tunakaanga sambusa: "Mudogo wangu, ini yako imefunga pamoja na wewe mwezi muzima. Imepumzika, imesafika. Donc, unairudishia vidonge za nini? Vidonge njo zinachosha ini." Wote tukasema amina, kwa sababu ilikuwa Idi na wewe ulikuwa mbali na tulikukumbuka.

Tangu siku ile hajameza.

Sasa nisikilize kuhusu mawe. Juzi Mama alikuwa na sare za shule za kupiga pasi. Akaiweka pasi ya makaa dirishani, kando ya chupa, ipumzike, kama kawaida yake, akageuka kubishana na Mama Zawadi wa nyumba ya pili kuhusu mkono wa blauzi. Mimi nilikuwa nashona vifungo. Nilipoinua macho, kwenye chupa hakuna mawe. Kuna mafuta. Nikafungua, nikanusa. Zeituni! Mafuta yaleyale uliyommiminia ndiyo yaliyotoka. Yaliingia tumboni, yakagandamana, yakatoka, na wewe ukayaosha kwenye chujio letu la chai ukayasifu.

Nikasema. Mimi, mbele ya mteja. "Mama, mawe hayayeyuki."

Mama Zawadi, ambaye naye alikunywa mafuta yako, akaja kuangalia, akashika kichwa. "Yebaba we! Na yangu nimeyafungia kabatini na pete ya ndoa!"

Mama akaichukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga. Nilidhani sasa ameelewa. Akasema, "Ini lenyewe si laini? Basi na mawe yake ni laini." Akaketi, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nilitoka nje nikaenda kupiga teke ukuta. Kidole bado kinauma.

Kesho yake nilienda kituo cha afya peke yangu. Nilipanga foleni, nikafika mbele, sauti ikakataa, nikarudi nyuma ya foleni nikaanza upya. Muuguzi aliniuliza kwa Kinyarwanda, mbele ya watu wote, mgonjwa ni nani na amepatwa na nini, na nikajibu. Alisema vidonge havichoshi ini, vinawazuia virusi wasiamke. Mtu akiacha ghafla wanaweza kuamka kwa nguvu na kuliharibu. Akaniandikia karatasi, akasema, mlete tupime damu, tuone namna ya kumrudisha kwenye dawa, asingoje. Nikakimbia nyumbani nikamwambia Mama yote, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifuta jasho kwa upande wa kitenge.

"Mwana wanjye, umesema vizuri," akasema. "Mama Mkubwa wako akikubali, nitaenda."

Umesikia? Mimi nina biolojia, wewe una mgongo uliombeba. Najua habari hiyo, Mama huisimulia kila wakati: mama yenu alipofariki, ulikuwa ukivuka barrière ya mpakani na beseni la nyanya kichwani na yeye mgongoni, ukauza Goma, ukarudi na mkate. Mtu aliyelishwa namna hiyo, akiambiwa kunywa mafuta, anakunywa. Mimi nitamshindia wapi?

Siku hizi anasinzia kwenye cherehani, mguu bado uko kwenye kanyagio. Chakula chake nakimalizia mimi. Nikimwangalia sana macho, ananiambia taa ndiyo ya njano. Na wewe umemtumia ujumbe mwingine, kwamba asafishe tena kwa sababu mawe ya ndani kabisa yamebaki. Ameshanunua mafuta. Ameshapanga Ijumaa, baada ya swala.

Kila jioni, baada ya magharibi, namwekea gilasi ya maji mezani na karatasi ya kituo cha afya chini yake. Asubuhi nakuta maji yamekwisha. Karatasi iko palepale, ina duara la maji.

Nimechoka na wewe, Mama Mkubwa. Na nimekukumbuka mpaka nachukia kukukumbuka, kwa sababu ungekuwa hapa ungemshika mkono mngekwenda, naye angekufuata bila kuuliza. Wewe huhitaji kuja. Mtumie sauti yako kabla ya Ijumaa. Isiwe ndefu. Mwambie aende kupimwa damu na arudi kwenye vidonge. Hayo mafuta tutakaangia viazi vya Mudende siku utakayokuja.

Usiseme umekosea, kama hutaki. Usinitaje. Sema umeota, sema umefikiri, sema ni wazo lako tangu zamani. Atakaponiambia, "Unaona, Mama Mkubwa wako ana akili," sitasema neno. Hilo unajua naliweza.

Mtoto wa mdogo wako,
Kimya