Sisimizi wa Neema

Jumanne, Agosti 1996

Kinyaa bado hakijanitoka. Sisimizi hawa ni wa Neema, malkia mmoja na watoto wake kumi na wawili ndani ya chupa ya jamu. Mwenyewe karudi bweni, mimi mama yake nimeachiwa kuwakatia mende kwa wembe. Mtu mzima mimi!

Jana mende sikumpata. Nikaokota dumuzi wawili waliokufa kwenye gunia la mahindi, nikawaponda, nikawatumbukiza. Sisimizi wakawavamia utadhani nimewapa asali ya Ugalla. Nikageuza uso.

Leo asubuhi nimekuta wote kumi na wawili chali, miguu imejikunja. Malkia peke yake anajivuta, bado anakumbatia vifunza vyake vyeupe ambavyo havijawa sisimizi.

Jioni nikamwonyesha Baba Neema. Akacheka.

"Hao dumuzi umewatoa gunia lipi?"

"La mlangoni."

"Basi umewaua mwenyewe. Lile nimelitia dawa wiki iliyopita, la kuuza lile. La kula si lile la ukutani?"

Wiki nzima hakuniambia. Na mimi nilimwitikia tu, "Haya," nikaingia jikoni.

Jumamosi iliyopita nilipeleka mashineni debe zima la mahindi ya mlangoni. Unga uliobaki nimeumwaga chooni, mikono nimenawa mara tatu. Bado sijamwambia.

Leo mchana ugali wa unga huo aliusifia, akaomba nimwongezee.