Pedali ya Dukani Kwenye Ndoo ya Ulezi

Jumapili, mwezi wa nne. Karatu, mvua.

Mvua imeanza wakati tunatoka kanisani, yale manyunyu yasiyo na haraka, na udongo mwekundu umeshafika kizingitini. Neema, binti yetu, amelala. Baba yake yuko nyuma ya pazia kwenye meza yake ya kazi, anayeyusha risasi ya kuungia waya na kupiga mluzi.

Huo mluzi ndio unaoniumiza.

Mume wangu ni fundi wa redio na televisheni, na alikuwa hajapiga mluzi tangu afunge fremu yake ya duka kule mjini mwaka jana. Zamani redio ya mtu ilikuwa kama ng'ombe wake, ikiugua inatafutiwa dawa. Siku hizi kitu kikifa kinazikwa. Mtu anakwenda kununua kingine cha kiwandani, cha bei ya chini, kilichogandishwa kwa gundi ili hata fundi asikifungue. Baba Neema akaibeba meza yake mpaka nyumbani, tukatundika pazia, na wateja wakawa wazee wawili watatu wanaokuja zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa redio.

Mimi siku za kazi nauza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la pembejeo. Jumapili napiga gitaa la solo kwenye kwaya yetu huko Rhotia. Leo sikupiga. Nilisingizia kidole.

Niseme sasa, maana ukurasa huu wa simu ndio mahali pekee ninapoandika bila kupamba. Namsaliti mume wangu. Si na mwanamume. Na pedali.

Kwa asiyejua, pedali ni kijisanduku unachokikanyaga kwa mguu wakati unapiga. Gitaa linaingia upande huu, linatoka upande wa pili na sauti nyingine. Ya kwangu ya kwanza niliinunua Arusha kabla sijaolewa, ya bluu, ya kiwandani, aina ambayo kila mpiga gitaa wa kanisani anayo. Kazi yake ni moja, kuipa sauti mwangwi, na inaifanya kila siku vilevile. Haina maringo, ila haina hadithi pia.

Kisha, siku tuliyotimiza miaka kadhaa ya ndoa, Baba Neema akanitengenezea ya kwake. Alikata bati la paa, akalikunja, akalipaka rangi ya kijani. Ndani, kila waya ameuunga yeye mwenyewe, usiku na mchana, baada ya kufunga fremu, wakati ambao hakuwa na mtu wa kumwambia ahsante fundi. Neema akaandika juu yake MAMA kwa rangi yangu ya kucha. Nililia. Ile ya bluu nikampa binamu yangu wa Endabash mbele ya macho ya mume wangu, ili aone kwamba sina haja nayo tena.

Nataka niitendee haki pedali ya kijani. Siku ikiamka vizuri, hakuna kitu cha dukani kinachoifikia. Inatoa sauti nzito, tamu, mpaka nywele za mkono zinasimama. Tatizo ni kwamba lazima iamke vizuri. Asubuhi ya baridi inakohoa. Umeme ukishuka kidogo inanguruma. Na mara moja, mchungaji ametuinamisha vichwa kwa sala ya toba, kanisa zima kimya, spika yangu ikakamata redio na kuanza kutangaza dawa ya kuogeshea ng'ombe, jumla na rejareja. Kwa kuwa watu wanajua ninakofanya kazi, mzee mmoja alinifuata baada ya ibada kuniuliza, bila utani hata kidogo, kama nimekuja nayo.

Baba Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema hiyo ni dalili kwamba pedali ina masikio makali. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Kila Jumapili jioni ananiuliza ilikwendaje, na mimi kila Jumapili nasema ilikwenda vizuri.

Mwezi wa kwanza nikamwambia nakwenda Endabash kumwona shangazi, anaumwa. Shangazi nilimkuta anapalilia maharage, mzima kama mimi. Nilichokifuata ni ile ya bluu. Binamu alikuwa hata hajaitumia.

Tangu siku hiyo inaishi kwenye ndoo ya unga wa ulezi, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa kuwa mume wangu hapendi uji wa ulezi na hana sababu ya kuinua kile kifuniko. Jumapili naondoka nyumbani na zote mbili. Ya kijani inakaa juu ya kikapu, inaonekana. Ya bluu iko chini. Nikifika kanisani nabadilisha.

Kuna grupu la simu la wapiga gitaa wa Arusha na huku kwetu, na siku hizi mazungumzo ni hayo hayo. Wale walioletewa na wageni pedali za kutengenezwa kwa mkono huko ng'ambo, wakatuonyesha picha mpaka tukachoka, sasa mmoja mmoja anarudi kwenye za dukani. Wanaandika "nimerudi jamani" na kuweka vicheko. Mimi nasoma na kunyamaza. Wao wamemwacha mtengenezaji wasiyemjua hata sura. Wa kwangu analala upande wa ukutani.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba najua nimerudi kwa nani. Nimerudi kwa kitu kile kile kilichomfungia fremu.

Basi jana.

Kwaya yetu ilialikwa Nainokanoka, kule juu hifadhini, kufungua kanisa jipya la wenzetu wafugaji. Ukungu ulikuwa mzito, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Baba Neema alikuja nasi kuangalia mitambo, kwa sababu kule umeme ni wa jenereta. Nilijua kabisa pedali ya kijani na jenereta haviwezi kukaa chumba kimoja. Jenereta likaanza kuzima kila baada ya wimbo, kwa hiyo mume wangu akakaa nalo nje, nyuma ya kanisa, amelishikilia kama mgonjwa. Mimi huku ndani, mwimbishaji anatafuta noti, nikainama, nikatoa ya bluu.

Ilitoka sauti safi. Bati la paa jipya likaibeba, akina mama wa Kimaasai wakaipokea kwa mabega na shanga zao, na kwa nyimbo tatu nilisahau kila kitu.

Wimbo wa tatu ulipokwisha Baba Neema alikuwa amesimama mlangoni. Machozi yanamtoka. Wiki nzima, kwa kuhofia jenereta, alikuwa anahangaika na ile ngurumo, alikuwa amezungushia bati jingine ndani, na sasa alikuwa ameisikia kwa masikio yake kutoka kule nje, imetulia, haina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimeshaifunika ya bluu kwa khanga. Alikuja mpaka nilipo, akaongea chini chini ili watu wasisikie.

"Mama Neema, imekubali. Hata kwa jenereta imekubali."

Nikamwambia ndiyo, imekubali.

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na nafasi. Mwinjilisti wa kule, kijana mpole aliyevaa shuka juu ya koti la suti, anayepiga gitaa peke yake kanisani kwao, akatukuta tumesimama na kuuliza sauti ile inatokana na nini. Mume wangu akamwambia ni kazi ya mikono yake. Mwinjilisti akamwomba amtengenezee moja. Wakashikana mikono, na mimi nikiwa katikati yao natabasamu kama mtu wa kwenye kalenda.

Sasa hapa ndipo penye uzito. Kuna lodge moja ya watalii huku kwetu imemwita Baba Neema awe fundi umeme wao wa kudumu. Wanataka jibu kesho Jumatatu. Kazi yenyewe hakuipenda sana, alisema atakuwa mtu wa kubadilisha balbu, lakini wiki iliyopita tulikubaliana atakwenda kukubali. Jana kwenye gari, tukiteremka na ukungu, akaniambia amebadilisha mawazo. Kesho atawashukuru na kuwaambia hapana. Atatengeneza pedali. Alisema kama sauti ile imetoka, basi yeye bado ni fundi.

Nikatazama nje. Hakukuwa na kitu cha kutazama, ukungu mtupu.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho kesho asubuhi. Nikinyamaza, atakataa kazi kwa ajili ya sauti ambayo si yake, halafu atampelekea mwinjilisti sanduku litakalowatangazia dawa ya kupe katikati ya sala. Nikisema, namnyang'anya jana yake. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu tangu asubuhi. Hata wimbo wa leo kanisani sikuusikia.

Dukani mkulima akiniuliza achukue mbegu ya ghalani kwake au ya pakiti, huwa namjibu haraka haraka kwamba mbegu nzuri ni ile inayoota. Ni rahisi kusema ukiwa nyuma ya kaunta.

Bado anapiga mluzi. Sasa ni ule wimbo wetu wa tatu wa jana.

Naacha hapa. Nakwenda kwenye ndoo.

*

Nimerudi. Mvua imekatika.

Nililivuta pazia, nikaiweka ya bluu mbele yake, juu ya waya za pedali ya mwinjilisti ambayo ameshaianza. Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanitoka. Niliweza kusema tu kwamba haikubaki Endabash, niliifuata.

Mluzi ulikuwa umekoma tangu nishike pazia.

"Jana nilipoingia, ni hii ilikuwa inapiga?"

"Ndiyo."

"Na Jumapili zote hizo?"

"Tangu mwezi wa kwanza."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alichukua bisibisi, akafungua skrubu moja moja, akazipanga pembeni kama anavyofanya kwa kila kitu cha mteja. Alipoinua kifuniko, unga ukamwagika mezani, kahawia, kidogo tu. Nailoni ile kumbe ilikuwa na tundu. Akaugusa kwa kidole, akauonja.

"Ulezi," alisema.

Nilitaka ardhi inimeze. Mtu anaweza kusamehe kudanganywa, lakini kuonyeshwa mahali hasa alipodanganyiwa, jikoni kwake, kwenye kitu anachokichukia na ambacho mke wake anajua anakichukia, hilo sijui. Nilimwambia nisamehe. Nikamwambia pia lile ambalo ni kweli, kwamba ya kijani siku ikiamka vizuri hakuna kinachoifikia. Likatoka kama maneno ya msibani.

Aliinamia ndani ya ile ya bluu na tochi ya simu. Akafuata njia za waya kwa ncha ya bisibisi. Mwishowe akasema, si kwangu, kama vile kwa mwenzake wa kazi aliyeketi mbali sana, kwamba wameunga vizuri.

Kisha akaniomba nimpishe.

Nimekaa huku upande wa pili wa pazia na nimemsikia anapiga simu. Kwanza salamu, ndefu, za ng'ombe na watoto na mvua. Halafu:

"Mwinjilisti, ile sauti ya jana haikuwa ya mikono yangu."

Akasikiliza. Hakunitaja. Hakusema mke wangu, hakusema nilidanganywa. Alisema tu kwamba amekosea, na kwamba ile ya kweli inapatikana dukani Arusha, wala si ghali.

Mimi ndiye niliyefanya, na yeye ndiye aliyesema amekosea. Nilidhani nikikiri nitapata wepesi. Sijapata. Nimehamisha tu mzigo kutoka mgongoni kwangu na kumtwika yeye, na ameubeba kimya kimya.

*

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua duka.

Nimeamka nimezikuta pedali zote mbili mezani, zimefungwa, zimefutwa. Ndoo ya ulezi iko mahali pake na kifuniko chake.

Alipokuwa anakunywa chai aliniuliza kama nimeyaandika haya kwenye huo ukurasa wangu wa simu. Nikasema ndiyo, ila sijayaweka. Akataka nimsomee. Nikasoma yote, pamoja na unga, yeye akiwa anafunga kamba za viatu, na ilimchukua muda mrefu kuzifunga. Nilipomaliza alisema naweza kuyaweka, ni sawa. Ila nirekebishe mahali pamoja. Kule Nainokanoka hakulia. Ule ulikuwa moshi wa jenereta.

Ameondoka kwenda lodge na begi lake la bisibisi. Hajaniambia atawajibu nini na sikuthubutu kuuliza. Nilichotaka ni ajibu akiwa anajua, basi. Cha Jumapili ijayo, nitakanyaga ipi, sijui.

Nilimwambia nitarekebisha. Nimekaa na hii simu mkononi tangu atoke, nikipatafuta pale pa kufuta, na nimepapata, na nimepaacha. Jumamosi upepo ulikuwa unavuma kuelekea zizini. Moshi wote ulikwenda kwa ng'ombe.