Vita Juu ya Kimeza cha Redio

Jumapili, 8 Juni 2025

Kaka Bernadi kafika jana. Likizo. Kakonda. Mama kamuuliza, jeshini siku hizi hawapiki? Kasema wanapika. Basi.

Leo baada ya misa katoa kopo la maziwa kwenye begi. Ndani vijitu vidogo, kavichonga mwenyewe kwa vijiti, vina kofia na bunduki. Urefu kama kidole gumba. Nusu kapaka masizi, nusu kaacha vyeupe. Kasema huko walikopelekwa kulinda amani kulikuwa na askari wa kigeni, kambi ya jirani, wanacheza vita mezani. Wakamfundisha. Kaniambia niondoe redio kwenye kimeza. Nimeondoa.

Toka afike sikuwahi kumsikia anaongea maneno mengi vile. Kanuni ziko hivi. Unapima kwa kamba askari wako afike wapi. Unarusha dadu kupiga. Mwenzake akifa karibu yake, unarusha dadu ya hofu. Ikitoka moja au mbili — anarudi nyuma kamba nzima.

Sasa wale wageni walikuwa na meza kubwa kama ya harusi. Yetu ukinyoosha kamba unafika kwa jirani. Zamu ya kwanza tu watu wote chini. Mama kacheka: vita gani hii, maharage hata hayajachemka.

Jumanne, 10 Juni 2025

Tumechuma kahawa toka asubuhi. Baridi, vidole havikunji. Bernadi anachanganya mbichi na mbivu. Mama kamwambia, we baba, nyekundu tu. Kaona aibu. Zamani alikuwa anatuacha wote nyuma.

Mchana tumekata kamba nusu. Afadhali, sasa mtu anaweza kusogea bila kufa. Nimefinyanga mlima wa udongo nikauchimba ngolo, mashimo na matuta yake, kama shamba letu la mteremkoni. Askari wangu nimewaficha kwenye mashimo. Bernadi kasema hao washazama. Shimo la ngolo ni la maji, mvua ikinyesha unaogelea. Nikamwambia kwa wageni ulisema wanajificha mashimoni. Kasema wageni hawalimi ngolo. Tukakubaliana watu wapite juu ya matuta, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele akifa, wote wa nyuma wanarushiwa hofu.

Shida ikawa hiyo hofu. Kamba hata nusu, askari akirudi nyuma anatoka mezani. Bernadi anasema aliyetoka harudi. Mimi nasema akae zamu moja, arudi. Tumebishana kama watoto. Mama alikuwa hapohapo anachambua usipa, dagaa wa ziwani. Kauliza:

"Huyo aliyetoka kaenda wapi?"

Nikasema kwao.

"Basi kama yuko kwao si mumwache."

"Mama," Bernadi kasema, "wanamfuata hukohuko kwao."

Mama kaendelea na usipa wake.

Jumatano, 11 Juni 2025

Hatukucheza. Kalala mchana kutwa, uso ukutani. Ukimpelekea chai anasema asante mdogo wangu. Chai inapoa.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Leo kaniuliza kama nataka kanuni nyingine. Za Frederick. Huyu Frederick ni wa kijiji cha Kitura, waliingia jeshi pamoja, wakapelekwa pamoja. Kafia huko. Alikuwa hapendi dadu, akatunga zake.

Kila mmoja anaficha kokoto mkononi. Moja, kaa. Mbili, nenda. Tatu, piga. Mnafungua mikono pamoja. Ukienda na mwenzako kapiga, umekufa. Hakuna kamba. Zinaenea vizuri kabisa kwenye kimeza chetu, na hakuna kubishana. Chai haijapoa mmeshamaliza.

Nimeuliza hofu iko wapi.

"Frederick hakuweka hofu. Alisema inachelewesha mchezo."

Nimecheza zote mbili nikapima. Za wageni ndefu, meza haitoshi, unainama mpaka mgongo unauma, toka tukate kamba hatujamaliza mchezo hata mmoja, kila mara giza linatukuta. Lakini mtu anaweza kutoka. Za Frederick fupi, safi. Ila mwisho anabaki mmoja, au habaki mtu.

Napenda za wageni. Nadhani na yeye anazipenda ila hasemi. Akicheza za Frederick, kokoto zinagongana mkononi mwake. Nasikia ziko ngapi. Najifanya sisikii. Nimeshindwa makusudi, kisha nikaona kajua.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mama kasema haiwezekani arudi kazini bila kwenda kuwapa pole wazazi wa Frederick. Ni aibu, watu wa Kitura watasema. Katufungia sukari. Tumeenda kwa miguu, mimi na yeye.

Tulifika mahali unaona nyumba yao. Baba yake Frederick alikuwa nje anageuza kahawa kwenye kichanja, polepole, kwa mkono. Bernadi kakaa chini kwenye majani.

"Ataniuliza kama aliumia sana."

Nikamwambia mwambie hakuumia.

Kaniangalia. Halafu kasimama, kaanza kurudi. Nikamfuata. Yule mzee hakutuona. Au alituona, sijui.

Sukari tumerudi nayo. Mama kaiona, kaiweka kabatini.

Jumatatu, 16 Juni 2025

Ilyasi wa dukani ndiye anashika nafasi za Kosta, basi dogo la Songea. Kapita asubuhi, kamsalimia mama shikamoo, kisha akamgeukia Bernadi.

"Afande, Alhamisi nimekuwekea siti ya mbele kabisa, na dereva. Umwone adui mapema."

Bernadi kacheka. Ilyasi alipoondoka, kaka hakugusa ugali.

Baadaye tunamenya kahawa, mashine inapiga kelele, kaniuliza karibu na sikio: mtu asiporipoti wanakuja lini? Mimi nimeishia darasa la tano, nitajua nini mambo hayo. Lakini nilielewa.

Nimemwambia mama. Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka.

"Wakija kumchukua hapa kibarazani watu wanaangalia, nitakufa. Akienda akaletwa kama yule wa Kitura, nitakufa. Sasa we Raimundi niambie, nichague lipi."

Nikatoka nje. Nikashika jembe, nikaliweka tena.

Jumatano, 18 Juni 2025

Kafua nguo zake zote. Kapiga buti rangi. Kampasulia mama kuni nyingi, zimejaa mpaka mlangoni kwa jikoni. Sikupenda zile kuni.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Asubuhi. Begi liko mlangoni. Kavaa buti. Kosta itapita barabarani kule chini, itapiga honi.

Kaenda mwenyewe kaondoa redio. Kapanga askari, weusi upande wangu, weupe wake.

"Tumalize mmoja ndiyo niende. Kanuni chagua wewe."

Kapanga kokoto hapa, kamba na dadu hapa. Mama alikuwa anafagia uani. Ufagio ukanyamaza.

Kisha nimechukua kamba.

Kavuta stuli karibu.

Tumeshacheza zamu kadhaa. Hofu imetoka mara moja, askari wangu mmoja yuko chini ya meza. Sasa zamu yake. Anapima. Naandika hapahapa gotini maana siwezi kumwangalia usoni.

Honi.

Mama kaja kashika begi. Halinyanyui. Kashika tu mkanda.

Honi tena. Ilyasi anaita kule chini, afande, afande, tunakuacha. Bernadi anapima askari yuleyule. Anakunjua kamba, anaiweka juu ya tuta, anaikunja. Anaanza upya.

"Usiniharakishe," kasema, bila kuinua kichwa.

Namwachia kamba, apime tena.