Mama Kelvin Aliwaambia Niko Bondeni

Hayes, London
16 Mei 2021

Mpendwa mjukuu wangu Shiku,

Una miguu, au umeikopesha watu? Kutoka Nairobi hadi nyumbani si hata safari ya siku nzima, na tangu unisindikize uwanja wa ndege hujakanyaga huko. Mimi nililetwa hapa kuona mtoto, nikafungiwa na corona. Wewe umefungiwa na nini?

Lakini hujambo? Kifua kilipona? Unakula? Mimi mzima, ila magoti yangu hayasikizani na ngazi za nyumba hii. Anayeniandikia ni shangazi yako Margaret. Ametoka kazini kuosha wazee wa watu, hata viatu hajavua. Nimemwambia aandike nilivyosema, asinilainishie. Kwa simu unaitikia tu "sawa Shosho," kisha unasahau.

Ndege hapa zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka, na za kwenda kwetu zimesimamishwa. Naziangalia kama mbuzi wa kamba anavyoangalia shamba la jirani.

Sasa sikia linaloninyima usingizi. Ile pesa ya corona ambayo serikali inawapa wakulima, yangu iliingia kwa simu niliyomwachia baba yako mdogo Eddie. Akanunua mbegu za viazi na mbolea, akapanda vizuri. Hapo hatuna kosa. Kisha maafisa wa kaunti wakaja kuona kama wenye mashamba wapo. Eddie alikuwa sokoni, wakapokelewa na jirani yetu Mama Kelvin.

Unajua kwetu mgeni haambiwi kwamba nyumba ya mwanamke mzee haina mwenyewe. Ni kumwitia wezi, au kumwombea kifo. Basi akawaambia, "Ameshuka bondeni, anakuja." Wakangoja, wakanywa chai yake, wakaenda. Waliporudi, akasema niko mazishini. Hata marehemu akamtaja jina, na mtu mwenyewe yu hai, anakamua ng'ombe.

Nilicheka mpaka Margaret akaja kuniangalia. Kisha kicheko kikanikauka. Pesa ile inatolewa kupitia kikundi, na akipatikana mkulima hewa mmoja, wa jina tu, wote wanakatwa, wajane wenzangu na Mama Kelvin mwenyewe. Nikisema niko London, nimemfanya mwongo mbele ya serikali. Nikinyamaza, mimi ndiye hewa. Na mwezi ujao wanarudi.

Mama Kelvin sasa ana dawa nyingine. Ati wewe una jina langu, Wanjiku, na kwa desturi wewe ni mimi, basi ujifunge kitambaa kama mimi, uitikie wakiniita. Hapana. Jina nilikupa, uongo sikukupa. Lakini usimkemee. Alikuwa ananilinda, na mimi mlango wangu nilimwachia yeye.

Msalimie Eddie, na kaka yako Kamande, mwambie ndevu zile anyoe. Mungu akufunike mbele na nyuma, akupe chakula na watu wa kula nawe.

Njia zimefunguliwa, kwa hiyo siku ya maafisa usiikose. Tangulia usiku mmoja, ulale kwa Mama Kelvin, umpikie wewe. Asubuhi mshike mkono mwende wote shambani, mng'oe shina moja la viazi afisa aone pesa ilikoenda. Halafu wewe ndiwe useme niko London, kabla Mama Kelvin hajafungua mdomo.

Akupendaye hata akikugombeza,
Shosho wako Wanjiku