Milembe Anayeziamkia Kompyuta

Shinyanga mjini, Jumanne ya Agosti. Asubuhi baridi, upepo mkavu, vumbi hadi kwenye meno.

Nina wivu. Niliandike hilo kwanza, nisije nikalizunguka.

Wivu wangu unaitwa Milembe. Ana mwaka mmoja tu kwenye karakana yetu ya kompyuta, mimi nina wa tisa, lakini wateja wakiingia wananipita wakiuliza kama yule binti yupo. Kabla hajafungua kompyuta ya mezani anachomoa waya, kisha anaweka kiganja kwenye chuma cha kasha lake na kutulia kidogo. Anasema mwili unabeba umeme, hasa kiangazi hiki, na usipoutolea kwenye chuma utautolea kwenye vifaa vya ndani. Mimi nikawaambia wenzangu kwamba anaipa kompyuta mwangaluka, kama bibi yangu wa Samuye anavyoamkia watu asubuhi. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa bosi anafungua tawi Geita na atapeleka fundi mmoja. Nafasi hiyo naitaka, jamani, naitaka mpaka chakula hakishuki.

Leo Mama Kabula kaleta kompyuta ya duka lake la Tinde, anakochapa mitihani ya shule. Ilikuwa inasuasua kwa vumbi tu. Kamuulizia Milembe, aliyekuwa ametoka kunywa chai. Nikasema mimi nipo. Nikafungua, nikachomoa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, niisafishe. Jua lilishaanza kuchoma, nikavua sweta langu la nailoni, likatatarika hadi nywele zikasimama. Nikaishika RAM. Kidole kikachomwa na kacheche kadogo sana.

Nilipoirudisha na kuwasha, kioo kikabaki cheusi.

Nikamwambia Mama Kabula kwamba umeme wa dukani kwake ndio ulioiunguza. Sikupepesa hata jicho.

Milembe aliporudi akaweka kiganja kwenye chuma, akapachika RAM nyingine, kompyuta ikawaka. Bosi akamsifu mbele ya mteja. Milembe akalitazama sweta langu juu ya kiti, akaendelea na kazi yake. Angenisemea, ningemchukia kwa raha zangu. Tulipokuwa tunafunga ndipo akaniambia taratibu: "Kaka, Mama Kabula kaondoka akisema anaenda kumfukuza fundi wake wa umeme."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mtu ambaye hata simjui anapoteza kazi kwa sababu ya sweta langu.

Nimempigia Mama Kabula, nimemweleza yote.

"Asante kwa kusema, Baba Joshua," akasema. "Ila siku nyingine nitamsubiri yule binti."

Asubuhi bosi atasikia kwa mdomo wangu mwenyewe, na Geita najua nani atakwenda. Wivu bado ninao, sitadanganya tena. Lakini sweta litabaki nyumbani, na kompyuta ya kwanza nitakayoifungua nitaipa mwangaluka yake.