Mabeki Wangu Walivua Viatu

Gisenyi, Jumapili, baada ya alasiri

Kwako kaka yangu Ramadhani,

Salamu nyingi kama mawe meusi ya huku. Macho yako yanaendeleaje? Bado uzi unaingia kwenye sindano, au shemeji ndiye anayekutungia? Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, ila lile goti linajua mvua kabla yangu.

Barua yako ya kuniita Ujiji nishike duka la kushonea nimeipata. Kabla sijajibu, nisikilize, maana ndiwe uliyenicharaza bakora nilipoacha cherehani nikaenda mpirani.

Nilipovunjika goti Usumbura nikicheza beki, nilikuja huku nikaweka cherehani barazani. Wanafunzi wa koleji ya mapadri wakawa wananiletea bukta zao. Za mabeki zote zimechanika ubavuni. Nikawaambia, "Ninyi mnajitupa chini mapema. Beki akilala, mtu anapita." Wakacheka, wakaenda kujaribu, wakarudi kunichukua. Basi mwaka wa tatu huu nawafundisha mabeki peke yao, jioni nikishafunga kazi. Nawafunga watatu kwa kitambaa kiunoni wajifunze kusogea pamoja. Watu wa mjini huja kututazama kama ngoma.

Alhamisi tulicheza na timu kali ya Goma. Padri mkuu alileta viatu vya mpira kutoka Ubelgiji, akavibariki kanisani. Vijana wangu hawajawahi kucheza na viatu, nami kwa haya nikanyamaza. Kosa hilo ni langu. Waliteleza kama mbuzi juu ya saruji! Kufika mapumziko tumefungwa mawili, na watu wa Goma wanapiga kelele, "Batoto ya mapadri, munacheza mupira ao munacheza danse?"

Nikasema Bismillahi, nikawaambia mabeki, "Vueni."

Padri akaja mbio, kanzu kaishika mkononi. "Fundi! We iko na wazimu? Ile viatu imetoka Bulaya!"

"Viatu ni vizuri, Padri. Lakini mimi nimefundisha miguu."

Akaokota kiatu kimoja kimoja mwenyewe. Nikajua pale sina changu tena. Lakini kaka, kipindi cha pili hakupita mtu! Senta-fowadi wao, kifua kama kabati, akienda kushoto anawakuta watatu, akienda kulia anawakuta watatu. Wenzetu wa mbele wakarudisha mawili. Sare. Nililia mbele za watu.

Jana Padri kaja barazani. "Bon, fundi. Mi nilikasirika sana. Lakini niliona." Anataka niwe mwalimu wa mabeki, kazi kamili, na nyumba palepale kolejini. Nikamuuliza, "Na sala yangu ya Ijumaa?"

"Ijumaa utaenda kusali. Jumamosi utarudi kwa mabeki."

Mimi, kaka, niliyeishia darasa la nne! Hata hivyo sikuitikia. Nilimwambia nina kaka aliyenilea, na macho yake yamechoka. Padri atangoja neno langu mpaka shule ifunguliwe baada ya likizo. Ukisema njoo, nitafunga cherehani nije, wala sitanung'unika. Ukisema kaa, nitakaa kwa radhi yako, maana bila hiyo sitaiweza kazi hii.

Nisalimie shemeji, na shangazi anayetuombea dua, na binti yako mkubwa ambaye najua ndiye anayekusomea hii. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Athumani