Keziah Amenipata na Ile Nyingine

Byron nimekwisha. Usiambie mtu yeyote huko Lodwar.

Unajua tangu bibi yangu Keziah aninunulie sigara ya betri nimekuwa mtu mzuri. Lakini leo nakunywa chai kwa duka ya Aisho hapa Kakuma, dereva wa lori akawasha sigara ya ukweli kando yangu. Wee, hiyo harufu! Ile ya betri haikwaruzi koo. Nikamwomba moja.

Nimevuta mara mbili tu, nasikia Keziah nyuma yangu: "Hiyo ni gani?"

Nikasema ni ya betri. Byron, majivu yanaanguka kwa suruali na mimi nasema ni ya betri!

Akafungua mkono. Ya betri ako nayo. "Umeisahau kwa meza, nikakuletea. Sasa hiyo yako inachajiwa wapi? Nionyeshe."

Duka yote ikacheka. Hata yule dereva, na sigara ni yake!

Akaninyang'anya, akaizima kwa mchanga, akanitia ya betri mdomoni kama mtoto wa kunyonya. Mbele ya watu!

Sasa tunarudi nyumbani. Ametangulia, mabega yanatingishika. Nimedhani analia, nikamshika polepole. Amekaa chini hapo barabarani, anacheka mpaka kusimama hawezi.